Ruhusa ya Msafiri

20 Rajabu 1302, Dunda, Bagamoyo

Kwa jina la Mwenyezi Mungu naanza. Mimi Mikidadi bin Mwinyijuma, mtu wa Dunda, nafungua karatasi hizi nikiwa nyumbani kwangu. Mzigo umekwisha fungwa, na mke wangu Sihaba amenuna. Amenuna tangu juzi. Asema mtu mzima hamfuati Mzungu hadi kwao kama mbuzi aliyeonyeshwa majani. Nimemwambia simfuati, nimealikwa. Akaniuliza tofauti iko wapi, nami nikajifanya natafuta kamba.

Habari yenyewe niiandike mapema, isije ikapotoshwa. Bwana Lambere ni Mzungu wa Ubelgiji. Nilikuwa mnyapara wa msafara wake na tarjumani wa lugha za bara, sisi wawili tukisemezana Kiswahili, tukaenda hadi ziwani na kurudi. Tulipofika Kiwangwa homa ikamwangusha, nikamleta kwa machela mpaka nyumbani kwangu, nikampa kitanda changu, na Sihaba huyu huyu anayenuna akampikia uji na kumfulia mashuka mpaka akasimama. Alipopona alinishika mkono mbele ya watu barazani, akaapa kwamba na yeye atanilaza kwake, nile kwake kama alivyokula kwangu, kisha anirudishe mpaka mlangoni pangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi naenda.

2 Shaabani, Adeni

Joto. Meli yanuka makaa. Bwana Lambere amenipa blanketi jipya na ananiita rafiki mbele ya kila mtu.

25 Shaabani, Valsele, katika Ubelgiji

Tumefika kwa gari la moshi. Wauita mji, lakini kwetu ungekuwa mtaa: safu mbili za nyumba za mawe zimebanwa kati ya mto na jabali, kanisa moja, daraja moja, na mvua. Mto wauita Mezi. Ni mpana, una rangi ya chai, na hauna mamba hata mmoja, nimeuliza.

Watu walikuwa wamejipanga kunitazama. Nilivaa kanzu yangu ya darizi, kisibau na kilemba, bakora mkononi, nikamwamkia kila mzee niliyempita. Mwanamke mmoja alinishika mkono kisha akatazama vidole vyake kama rangi imetoka. Nami nikamshika wake, nikatazama vyangu. Watu wakacheka, akacheka na yeye.

Bwana Lambere hakunilaza kwake. Asema nyumba yake iko mikononi mwa mafundi wa chokaa. Ameniweka ng'ambo ya njia, kwa mjane mmoja mzee aitwaye Katerina, auzaye uzi na vifungo katika chumba cha chini. Lakini kwetu mwenye nyumba hulala barazani mgeni akalala kitandani, chokaa au si chokaa.

27 Shaabani

Mvua. Bwana asema kesho kutwa tutaondoka, tukauone mji wa mfalme wao.

29 Shaabani

Mvua. Kesho kutwa.

1 Ramadhani

Juzi jioni nilisimama darajani kutafuta mwezi, nikaona mawingu. Basi nimekamilisha Shaabani thelathini kama sheria isemavyo, na leo ndiyo Ramadhani. Dunda saa hizi wanawake wanatwanga, na mzee Rajabu jirani yangu amekwisha gombana na mtu, maana yeye akifunga tu hugombana.

Mambo ya kufunga nimeyapima vizuri. Mwalimu Bwanausi, aliyetusomesha sheria msikitini kwetu, alitufundisha kwamba msafiri ana ruhusa ya kula, siku zake atazilipa akirudi. Akinuia kukaa mahali siku nne kamili amekuwa mkaazi, ruhusa imekwisha. Lakini akingoja jambo ambalo laweza kwisha leo au kesho, yeye bado ni msafiri. Nami kila siku naambiwa kesho kutwa. Basi mimi ni msafiri, na nala.

Tena jua la huku halijui kuaga. Watu wamekwisha kula cha usiku, watoto wamelazwa, nalo lingali juu, nyuma ya mawingu, linatazama. Anayefunga huku hufunga siku yake na nusu ya siku ya jirani.

Nimekula viazi, mayai na samaki wa mtoni. Nyama sili, sijui aliyechinja ni nani wala alisema nini, na nyingine ni nguruwe. Nilikaa dirishani penye mwanga, mbele ya njia. Kwetu hata mgonjwa akila mchana wa Ramadhani huingia ndani, kwa kuwastahi waliofunga. Hapa hakuna aliyefunga wa kustahiwa. Nikajiuliza najificha nani, nikavuta kiti karibu zaidi na kioo.

2 Ramadhani

Mvua. Kahawa yao ina mizizi ndani. Nimekunywa.

4 Ramadhani

Bwana Lambere sasa huja kila adhuhuri na mtu mwingine, leo huyu, jana yule. Huketi mbele yangu nikila, hunitazama, huzungumza, huondoka. Nawaambia karibu, hawali. Nimefurahi hata hivyo. Nimesema kumbe huku nako mgeni hutembelewa.

Bi Katerina nimemfundisha kuitikia marahaba. Huitikia hata nikikohoa.

5 Ramadhani, Ijumaa

Nimesali adhuhuri peke yangu, Ijumaa bila jamaa. Nilimkuta Bi Katerina ala mkate na supu ya mboga tu, na nyama iko chunguni. Nikamwuliza kwa Kifaransa changu. Kifaransa hicho nimekiokota njiani, miaka miwili ya kumsikia Bwana akiwatukana wapagazi, na Bwana mwenyewe hajui kuwa nimekiokota. Bi Katerina alinieleza kwamba Ijumaa hali nyama kwa ajili ya dini yake, na kabla ya sikukuu yao kubwa hujizuia siku nyingi zaidi. Nikamwambia kwamba na sisi mwezi wetu ni huu. Akaweka kijiko chini, akatazama sahani yangu, akaniuliza mbona nala. Nikamwambia safari. Alifikiri kidogo, akakubali kwa kichwa, akaniongezea yai.

6 Ramadhani

Leo nimekasirika, ndiyo maana herufi zimepinda.

Adhuhuri Bwana Lambere alikuja na padre wao na wakubwa wawili wa mji. Mmoja ana kiwanda cha vigae, mnene, jasho jingi. Nikawakaribisha, hawakula. Bwana akaweka mkono begani kwangu akaanza kusema Kifaransa, polepole na kwa fahari, kama mtu auzaye farasi. Aliwaambia huu ndio mwezi mkuu wa kufunga wa Waislamu, na huko pwani Mwislamu ni heri afe kuliko kula mchana. Na huyu hapa, akasema, yuala mbele yenu, dirishani, bila haya, kwa sababu amekaa nami miaka miwili. Dini ile ameiacha. Padre akainua mikono akashukuru. Yule mnene akauliza kama wote wanaweza kuwa hivi. Bwana akajibu wote, wakipatikana watu na vituo vya kutosha.

Kiazi kilikuwa kinywani. Sikukimeza wala sikukitema mpaka walipotoka.

Nikamfuata Bwana njiani, nikamwuliza. Hakukana. Alishangaa tu kuwa nimefahamu, kisha akacheka, akanishika mkono kama siku ile barazani. Akasema ni maneno tu, nisiyatie moyoni. Watu hawa wana mali, lakini wataka kuona tunda kabla ya kumwagilia mti. Sikukuu ya mtakatifu wao Yohana imekaribia. Mji wote utakula meza moja kando ya mto, mimi nitakaa mkono wake wa kulia, nitakula, yeye atasema, padre atabariki, na safari yake ya pili itapatikana. Halafu tutaondoka. Kumbe kesho kutwa zote zile zilikuwa zangoja meza hiyo.

Nikamwambia mimi nala kwa ruhusa ya Mungu, kwa kuwa ni msafiri. Anajua. Nilimweleza tangu njia ya ziwani, alipoona wapagazi Waislamu wakila.

Akanijibu, "Wewe unakula, wao wanaona. Sababu ni yako mwenyewe."

Nimekaa na jibu hilo tangu adhuhuri. Sababu ni yangu! Basi na jina ni langu, na mke ni wangu. Nikila mezani siku ile, mji mzima ukasikia na padre akabariki, maneno hayo yatapanda meli kabla yangu. Mapadre huandikiana, Wabelgiji wamejaa Unguja na Bagamoyo, na Bagamoyo haijapata kuwa na siri. Nitashuka pwani nikute wamekwisha nizika nikiwa hai: Mikidadi karitadi, kauza dini kwa sahani ya viazi. Na sheria yajulikana. Mke wa aliyeritadi hana mume. Sihaba atakuwa amekwisha rudi kwa kaka zake, na nani atathubutu kwenda kuwaambia kwamba nilikuwa na sababu?

Mpumbavu ni mimi pia, nisijitoe. Ningekula ndani, jikoni, mgongo mlangoni, kama mtu aliyelelewa. Mama yangu alinifundisha hayo kabla sijajua kusoma. Nikaona kwa kuwa hakuna Mwislamu hakuna macho. Macho yapo kila mahali, na haya ya huku ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu hayajui yanachokiona.

Fadhila ya punda mateke. Kitanda changu alilala huyu!

7 Ramadhani

Nimenuia kukaa Valsele siku kumi. Nimenuia kwa moyo na kwa ulimi, nimesimama wima katikati ya chumba, ili nisije nikajidanganya. Sasa mimi ni mkaazi wa mji huu, Mungu anistiri, na ruhusa imekwisha. Nimekula daku, nimefunga.

Ningeweza kufunga nikiwa msafiri vile vile, hakuna anayekatazwa. Lakini najijua. Mlango ukiachwa wazi, kufika alasiri ningeutokea.

Bwana alipoleta mtu wake adhuhuri alinikuta dirishani pale pale, mikono mapajani, mezani hamna kitu. Nikawaambia karibuni mketi. Waliketi. Tukatazamana mpaka wakachoka.

8 Ramadhani

Jua limetoka. Tangu nije Valsele sijaliona uso wake, na leo, baada ya nia yangu, ndio limetoka! Midomo imekauka. Watoto wa mji wamejua, wananifuata wakitafuna. Nimewatafunia hewa, wakakimbia.

Bi Katerina ameuliza nitakula lini. Nikamwonyesha jabali, jua likipita nyuma yake na giza likaanza. Akasema huo ni wakati wa kulala. Hata hivyo jioni alikuwa amekaa jikoni na taa, samaki amefunikwa kwa sahani, mwenyewe yuasinzia. Nikamwambia asiningojee. Akanijibu kwamba marehemu mumewe alikuwa mvuvi wa mtoni na hakuwahi kurudi wakati wa watu, yeye amezoea.

9 Ramadhani

Bado jua. Maji ya mto yamepungua, mawe yanaonekana.

Bwana Lambere alikuja peke yake, asubuhi. Safari hii hakucheka. Alisema ananiheshimu, asema na Sihaba anamheshimu, akamtaja kwa jina, jambo ambalo sikulipenda. Kisha akafika kwenye neno lake. Nauli ya kunirudisha iko kwake. Nikila kesho mezani, kipande kimoja tu, samaki wala si nyama, amekwisha agiza samaki kwa ajili yangu, basi keshokutwa nitapanda gari la moshi na meli, chumba cha juu, mpaka Unguja. Nisipokula, nijitafutie njia.

Nikamkumbusha kiapo cha barazani. Akasema kiapo bado kipo, mimi ndiye ninayekivunja, kwa ukaidi. Eti mwenyeji wangu anipa chakula nami nakataa. Kwa desturi zenu wenyewe, akasema, hilo ni tusi.

Hapo alinipiga pabaya, kwa maana ni kweli. Kukataa chakula cha mwenyeji ni tusi, na kwetu watu wameacha kusemezana kwa chini ya hapo. Jibu lilinijia alipokwisha ondoka, kama yajavyo majibu yote mazuri. Chakula cha mgeni hupewa mgeni ale. Hiki nimepewa ili nitazamwe.

Naogopa, nisiseme uongo. Ulaya ni kubwa na mimi nina kanzu tatu.

10 Ramadhani, sikukuu ya Yohana

Niandike yote kabla sijalala.

Joto lilikuwa la kwetu hasa. Walipanga meza moja ndefu kandokando ya mto, kutoka darajani hadi kituo cha mashua, vitambaa vyeupe, bia kwa mapipa. Mji wote ulikuwapo, na wenye matishari, yale majahazi mapana ya kubeba mawe yakokotwayo na farasi. Nilivaa kanzu safi, nikafunga kilemba upya mara tatu mpaka kikakaa. Bi Katerina alinitazama mlangoni, akanipangusa uzi begani. Sikukawia nyumbani nikajificha. Nilialikwa, nikaenda, nikakaa mkono wa kulia wa Bwana Lambere kama alivyotaka. Mtu asiseme niliogopa meza.

Mbele yangu wakaweka samaki mzima, siagi yamtiririka, na bilauri ya maji. Maji yale! Samaki ningemsamehe. Bilauri ilikuwa imetoka kisimani, imefanya jasho kwa nje, nami tangu alfajiri ulimi ulikuwa umenishika juu ya kinywa.

Bwana akasimama. Akasimulia safari yetu, na nyingine haikuwa yetu. Kisha akanigeukia, akasema yale yale, mwezi wa kufunga, miaka miwili, ameacha. Niliwasikia farasi wakitafuna.

Akainama, akaniambia kwa Kiswahili, taratibu, kinywa kikicheka kwa ajili ya watu, "Kula, Mikidadi. Kipande kimoja, urudi kwenu."

"Sili," nikamwambia.

"Kwa ajili yangu."

"Kwa ajili yako ndiyo hasa sili."

Nikasimama. Kifaransa changu ni kibovu, ni cha kutukania wapagazi, lakini nilikuwa nimekipanga usiku kucha, neno baada ya neno. Nikawaambia mimi ni Mwislamu, sikuacha kitu. Nilikula kwa sababu nilikuwa msafiri, na msafiri kwetu ameruhusiwa. Sasa nakaa kwenu, nimefunga. Mtu huyu aliumwa, akalala kitandani kwangu, akala chakula changu, na hakuna aliyesema kwamba ameacha dini yake. Jua likizama nitakula mlangoni pa Bi Katerina. Anayetaka na aje ale nami.

Nikaketi. Sikuondoka. Nilikaa pale mpaka walipokwisha kula wote, samaki wangu akapoa, na inzi wakamla kwa niaba yangu. Yule mnene wa vigae alimwuliza Bwana jambo, na Bwana akajibu, akaulizwa tena. Padre alinitazama muda mrefu. Sikumwona ana hasira. Alimwuliza Bwana kwa sauti ya chini kama ni kweli habari ya kitanda, na Bwana Lambere, nimpe haki yake, akasema ni kweli.

Magharibi nikatandika mkeka wangu wa safari mbele ya mlango, njiani hasa, nikaweka mkate, samaki, viazi na maji, nikaketi kama niketivyo Dunda. Kila aliyepita nikamwambia karibu. Wengi walicheka wakapita. Mmoja alitema mate, sitamtaja kwa kuwa simjui jina. Kisha akatoka Bi Katerina na sahani yake. Hakuweza kukaa chini, magoti, akaleta kigoda. Kisha akaja mwenye tishari mmoja, Yosefu, mtu wa sharubu ndefu, na kopo la bia. Nikamwonyesha kwa kidole kwamba kopo likae ng'ambo ile ya mkeka na yeye akae huku. Akalihamisha bila kuuliza. Alikula viazi vyangu karibu vyote, Mungu amzidishie.

Maji niliyanywa mpaka tumbo likauma.

11 Ramadhani

Bwana Lambere amefunga madirisha yanayonielekea. Mafundi wa chokaa sijawaona hata siku moja.

12 Ramadhani

Mvua imerudi, imekuja imechelewa. Jana na leo wamekuja watu wawili watatu kwenye futari, tumekula ndani kwa ajili ya mvua. Mwanamke mmoja alileta jibini. Wanauliza maswali: kama tuna nyumba, kama tuna wake wangapi, kama bahari yetu ina chumvi. Nami nimewauliza kwa nini mabibi zao hawana nguo ya kuzibia kinywa wakicheka. Tumeelewana nusu.

Nilipokuja niliwaona wote ni uso mmoja, mwekundu, wenye macho. Sasa najua nani ana deni la ugomvi na nani. Sijawapenda, lakini nimewajua, na hilo lilikuwa halimo katika mpango wa Bwana.

13 Ramadhani

Nimezungumza na nahodha Yosefu. Apeleka mawe kwa mto na mifereji hadi bandari kubwa ya Antverpi. Atanichukua, nami nitamsaidia kamba na malango ya maji, yale yafungwayo ili tishari lipande au lishuke. Huko Antverpi zipo meli za Waingereza zinazopita Adeni, na najua vijana wengi wa Unguja walioajiriwa humo kuchochea moto. Mimi si kijana, na mwungwana wa Dunda hajazaliwa kushika koleo la makaa. Basi nitalishika. Masizi hutoka kwa maji, na Sihaba ana maji.

Bi Katerina nimemwaga jioni. Nimemwambia shikamoo. Akaitikia, na safari hii aliitikia mahali pake. Amenifungia mkate na samaki wa kukaushwa katika kitambaa. Nilimwambia akifika Bagamoyo aulize nyumba ya Mikidadi. Alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, sikuwa na moyo wa kumtazama vizuri.

14 Ramadhani, mtoni

Tuliondoka kungali giza. Nyumba ya mwisho ya Valsele tuliipita kabla ya alfajiri, nami nilikuwa macho, nikaitazama mpaka ikaishia nyuma ya kona. Tokea hapo mimi si mkaazi tena wa mahali popote.

Tishari laenda mwendo wa farasi, na farasi wa Yosefu ni mzee. Adhuhuri tulikuwa tumetoka kwenye lango la maji, jua jembamba, nimekaa ubavuni juu ya mawe, miguu yaning'inia. Nikafungua kitambaa cha Bi Katerina. Nikasema bismillahi, nikamega.

Ndipo nikasikia jina langu. Bwana Lambere alikuwa amekuja kwa gari la farasi mpaka langoni, na sasa anatembea kwenye njia ya ukingoni, sambamba nasi, viatu vimejaa matope, kofia mkononi. Alihema. Alisema maneno mengi, nami nitaandika maana yake tu. Padre anauliza maswali. Wale wakubwa wamesita, wasema hawatoi kitu mpaka waelezwe vizuri. Nikirudi leo, nikawaambia siku ile nilikuwa naumwa tumbo, basi tu, tumbo, wala dini isitajwe, atanipeleka mwenyewe mpaka Unguja, mpaka mlangoni pangu kama alivyoapa. Alisema haya yote akitembea, akiruka madimbwi. Nilimwonea huruma, na nilikasirika kwamba namwonea.

Kisha akaona mkate. Akasimama, halafu akalazimika kukimbia kidogo kutufikia tena.

"Unakula," akasema.

"Nala."

"Leo Ramadhani."

"Ni Ramadhani, nami ni msafiri."

Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyetafuta ufunguo nyumba nzima akaukuta mkononi mwake. Akatazama nyuma, kule Valsele, kama labda yupo mtu anayeona. Hakukuwa na mtu. Yosefu alikuwa mbele na farasi, anapiga mluzi.

Kwetu mtu hali mbele ya mwenziwe bila kumkaribisha, hata awe amemtukana, hata awe amemfukuza. Sitaacha desturi yangu kwa sababu ya mtu mmoja. Nikamega kipande kikubwa, nikatia samaki juu yake, nikamnyoshea juu ya maji.

"Karibu, Lambere," nikamwambia. "Hiki ni cha kula tu."

Alinyosha mkono. Haukufika. Alikuja nao hivyo hivyo umenyoshwa, akikanyaga tope, mpaka njia ikapanda na kuacha mto. Farasi hakusimama, wala mimi sikumwomba Yosefu amsimamishe.